Macho ya Foleni

Kwa miaka tisa nimekaa kwenye dirisha la usajili la kliniki moja ndogo hapa Isiolo, karibu na soko la mifugo, na kwa miaka yote hiyo sikuona dereva hata mmoja akianguka mtihani wa macho. Nimeona dereva aliyeingia kwa kuupiga mlango na paji la uso. Nimeona mwingine akitia sahihi mezani, karatasi iko pembeni inamngoja. Wote walitoka na fomu yenye muhuri, na mwenye muhuri ni mimi, Zeinab, mama wa watoto watatu, ninayeswali swala tano. Mtu asiniambie siku hizi hakuna miujiza.

Serikali inataka kila dereva wa gari la biashara, awe wa lori au wa basi, apimwe afya kabla ya leseni yake kufanywa upya. Ni sheria nzuri na aliyeitunga sina ugomvi naye. Fomu inauliza macho, masikio, presha, sukari, kifafa, na chini kabisa inauliza kama dereva ana akili timamu. Hapo daktari wetu huweka alama ya ndiyo bila kuinua kichwa. Mimi nikitazama mbuzi, magunia ya unga na mama za watu wakipandishwa kwenye lori moja, huona hilo swali tungewauliza abiria.

Shida yetu ilianzia kwenye chumba. Chati ya macho inataka mtu asimame mita sita, na chumba cha daktari kina mita nne. Basi chati imetundikwa ukuta wa mwisho, na dereva anasimama nje barazani, anasoma kupitia mlangoni. Haina herufi za kumsumbua asiyesoma. Ina alama moja tu, kama uma wa meno matatu, imegeuzwa huku na huku, kubwa juu na ndogo chini, na dereva anatakiwa aseme meno yanatazama wapi. Lakini baraza ndiko foleni inakokaa. Na watu wetu, Mungu awazidishie, hawawezi kumwona mwenzao amekwama wakanyamaza. Gari likizama mchangani, atakayelisukuma hakuulizi jina. Dereva akizama mstari wa tatu, foleni nzima inanyoosha mikono: chini, chini, sasa kulia. Ukiwauliza kwa nini wanamsaidia mtu kudanganya, watakuona umekosa malezi.

Alhamisi moja akaja Mzee Abdillahi.

Babu yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, vita vikaisha, akabaki, akanunua gari. Tangu hapo ukoo wao ni wa kubeba mizigo. Mzee Abdillahi mwenyewe ameendesha lori lake la kijani miaka arobaini, Isiolo kwenda Garbatulla, Garbatulla kwenda Sericho, njia ambayo mvua ikinyesha inahama. Na alikuwa abti wa daktari wetu, Abdihakim. Abti kwa Wasomali ni ndugu wa kiume wa mama, na huyo si mtu wa kubishana naye; mwenyewe naye humwita mpwa wake abti vilevile. Lori hilo la kijani ndilo lililomsomesha Abdihakim mpaka akapata koti jeupe.

Sasa Jumamosi ya wiki hiyo dada yake Abdihakim, Habon, alikuwa anaolewa Garbatulla. Mama yao, Habsa, alikuwa ameandika wanawake ishirini na sita watakaokwenda kwa lori la kaka yake, pamoja na magodoro na masufuria. Jina langu lilikuwa la tisa. Leseni ya Mzee ilikuwa imekwisha muda, na bila fomu yetu hakuna leseni, na bila leseni hakuna safari. Kwa hiyo Alhamisi hiyo sikuwa karani tu pale dirishani. Nilikuwa mzigo unaosubiri kujua nani atauendesha.

Mambo yake nilikuwa nayajua. Lomorukai, mlinzi wa geti letu, aliniambia tangu Ramadhani. "Huyo mzee," alisema, "juzi ameshika mkono ya punda, anauliza habari ya nyumbani." Lomorukai anapenda kuongeza chumvi, nikacheka nikasahau.

Basi Mzee akaingia, kanzu safi, kofia safi, ndevu zimepakwa hina. Akafika mlangoni kwa daktari akasema, "Salaam aleikum."

Hakujibiwa. Akarudia, sauti juu. Kisha akatikisa kichwa. "Siku hizi mtu akisoma kidogo," akasema, "kujibu salamu anaona ni kazi."

Alikuwa analiambia koti. Koti jeupe la daktari lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na mwenyewe alikuwa kwenye beseni kule pembeni ananawa mikono.

"Aleikum salaam, Abti," Abdihakim akasema kutoka beseni.

Mzee akageuka polepole kuifuata sauti. "Nilikuwa nakujaribu," akasema. Foleni ikacheka kwa adabu. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona uso wake wakati akigeuka.

Presha ilikuwa nzuri. Sukari nzuri. Masikio mazuri kupita yangu. Kisha Abdihakim akamshika mkono akamtoa barazani, akarudi ndani, akagusa alama ya juu kabisa, ile ambayo hata mbuzi angeiona.

"Abti, hii meno inaangalia wapi?"

"Meno gani?"

"Hii kubwa."

Foleni ikanyoosha mikono kama kawaida, watu kumi na mmoja, wote chini. Mzee akatega sikio. Wakainyoosha zaidi, mmoja akaufikisha mkono karibu na pua yake. Ndipo wakaelewa kwamba Mzee hata mikono haioni. Unafikiri walishtuka? Walibadilisha njia tu. Mawira, dereva wa lori la mchanga, akakohoa akasema, "Chini, mzee."

"Chini," Mzee akasema kwa sauti ya mwenye gari.

"Na hii?"

"Kushoto," foleni ikasema.

"Kushoto."

Wakaenda hivyo mstari kwa mstari, yeye anasema, wao wanamtangulia, mpaka ikawa kama watu wanaitikia dua. Ile mistari ya chini kabisa, ambayo mimi mwenye macho yangu mawili siioni, Mzee Abdillahi aliisoma bila kosa. Mama mmoja aliyekuja na mguu uliovimba, hata si dereva, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Nikashindwa. Nikatoa kichwa dirishani. "Daktari, waambie hawa watoke nje ya geti. Mzee asome peke yake."

Baraza likanigeukia kama nimetukana. "Aki Zeinab," Mawira akasema, "umekuwa trafiki lini?" Mama wa mguu akaniambia nimeolewa vibaya, jambo ambalo ni kweli lakini halikuhusu. Abdihakim akaitazama chati, akaitazama foleni, akatazama kalamu. Mzee peke yake hakunikemea. Alisimama palepale, uso umeelekea mlangoni, mikono nyuma, anangoja. Ningekuwa na akili ningejiuliza anangoja nini.

Abdihakim akaandika sita kwa sita, macho ya kijana wa miaka ishirini. Akaniletea fomu dirishani mwenyewe.

"Gonga," akasema chini kwa chini.

"Daktari, mimi ni namba tisa kwa hiyo lori."

"Ni abti yangu. Nitamwambia aje kwamba haoni?"

"Kwa mdomo."

"Wewe si Msomali, huwezi kuelewa."

"Lori ikianguka haiulizi kabila."

Maneno matamu, sivyo? Nilijisikia shujaa. Kisha Mzee akaja kuchukua karatasi yake, akanyoosha mkono wake wa heshima, akaunyoosha ukutani, hatua nzima kando ya dirisha, na watu kumi na mmoja wananitazama kuona kama nitamwaibisha mtu mzima. Nikagonga muhuri. Nikautoa mkono wangu nje nikamshikisha karatasi. Huwa nasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini mwosha hamrudishi maiti nyumbani na kusema ni mzima.

Ijumaa leseni ikafanywa. Ijumaa hiyohiyo nikasikia kwamba daktari wetu, aliyeandika sita kwa sita, amejitafutia kiti kwenye Probox ya rafiki yake Bule. Lori lina vumbi, alisema. Kifua chake hakipendi vumbi. Kifua hicho kimezaliwa Isiolo.

Jumamosi jua lilikuwa limeshachomoza nilipofika kwa Mama Habsa na begi langu. Wanawake walikuwa wameshapanda juu, wamekaa juu ya magodoro, wanaimba. Mzee alikuwa nyuma ya usukani, na leseni mpya ameichomeka kwenye kioo kama picha ya harusi. Habsa alikuwa amekaa kando yake, na mapajani amempakata Umulkheir, binti wa Abdihakim, wa miaka minne. Mimi nilisimama karibu na gurudumu. Mguu uliniambia siendi na moyo ukaniambia watu watasemaje. Nimeishi mjini hapa muda mrefu wa kutosha kujua ni kipi kati ya hivyo viwili hushinda.

"Abti," Mzee akaita, "njoo ukae hapa mbele na mama yako. Wewe ndiye umenipa barabara."

Abdihakim alikuwa ukutani, kanzu mpya, miwani ya jua. "Nimepata gari, Abti."

"Gari gani?"

"Probox ya Bule."

Habsa akachungulia nje. "Unaacha mama yako na mtoto yako hapa, unaenda kukaa na Bule?"

Hapo hasira ikanipanda, na sijui kama nilimkasirikia yeye au huu mguu wangu. "Mama Habsa," nikasema, "muulize kwa nini."

Nyimbo zikakatika juu. Habsa akamtazama mwanawe. Umulkheir akamtolea baba yake ulimi, kisha akampungia mkono. Abdihakim akavua miwani. Nilidhani atakuja mlangoni aseme, lakini si yeye. Alikwenda mbele ya lori akasimama, kama hatua kumi kutoka kwenye boneti, akainua mikono yote miwili, bila neno. Labda alitaka lori lisiende. Labda mpaka hapo alitumaini kwamba Abti atamwona na kumfokea, na yeye atasamehewa kila kitu.

Mzee akawasha injini. "Ameenda kwa Bule?" akamuuliza dada yake. "Basi twende. Bismillahi."

Akatoa breki. Lori likasogea.

Habsa hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya mkono wa kaka yake akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala, "Abdillahi. Mtoto wangu amesimama mbele yako."

Lori likasimama. Abdihakim alikuwa ameegemea boneti kwa viganja, au boneti ndiyo iliyokuwa imemwegemea.

"Jua linanipiga usoni," Mzee akasema.

"Jua liko nyuma yetu, walaal, ndugu yangu."

Injini ikazimwa. Abdihakim akazunguka mpaka mlango wa dereva, na safari hii alisema.

"Abti, shuka. Huoni. Alhamisi nilijua, nikaandika uongo."

Mzee akachomoa funguo akazishika mkononi. Tulingoja radhi iondolewe, laana itoke, harusi iishie pale. Alipofungua mdomo alikuwa anaongea kama mtu aliyechoka tu.

"Mbona hukusema Alhamisi?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Mimi Alhamisi nimeamka, nikaoga, nikavaa kanzu safi, nikaja kwako unikataze." Akapapasa mlango mpaka akapata kishikio. "Mimi siwezi kusema mwenyewe. Nikisema nimeacha lori, watu watasema Abdillahi amekwisha. Lakini daktari akikataa, hiyo ni sheria, mtu haoni haya, anaenda nyumbani analalamika juu ya serikali kama watu wengine. Wewe peke yako ndiyo serikali imekupa mdomo. Huyu Zeinab aliposema watu watoke, nikasema alhamdulillahi, sasa imefika. Wewe ukaandika sita kwa sita."

"Abti, nisamehe."

"Miezi mitano nangoja mtu mmoja katika mji mzima aniambie haya. Wananisomea tu. Kila mahali wananisomea." Akashuka, na Abdihakim akamshika kiwiko. "Heshima yako, Abti, ilikuwa inaniua pamoja na mama yako."

Abdihakim akalia hapohapo, mtu mzima na kanzu ya harusi, na sikumwonea huruma sana kwa sababu na mimi nilikuwa nalia na nilijua mimi nalilia nini. Muhuri ule niliugonga kwa mkono huu.

Lakini harusi haingoji machozi. Habsa akasema bibi harusi yuko Garbatulla tangu juzi na nyama inapikwa, nani anaendesha? Mtu akampigia Mawira simu. Akaja na pikipiki kabla chai haijapoa, amefurahi, fomu yake mfukoni, na muhuri wangu juu yake, wa Alhamisi ileile. Wanawake wakashukuru Mungu. Wakaanza tena kuimba.

"Ngoja," nikasema. Nikatembea mpaka kwenye tangi la maji, nikageuka nikainua vidole. "Mawira, ni vingapi?"

"Tatu!" wakajibu wanawake ishirini na tano kutoka juu ya lori. Wanawake ambao shingo zao ndizo zilizokuwa zinapimwa. Walijibu kwa furaha kabisa, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kumsaidia.

"Nyamazeni," Mzee Abdillahi akasema. Sikuwahi kusikia sauti ile kwake. "Mwacheni mtu aone na macho yake."

Wakanyamaza. Nikabadilisha vidole. Mawira akakunja uso, akatabasamu, akaacha kutabasamu.

"Mbili," akasema. Nikabadilisha. "Nne. Sasa moja. Zeinab, mimi naona mpaka ile pete umevaa, twende tukule."

Nikapanda. Mzee alikaa mbele kati ya dada yake na dirisha, Umulkheir mapajani, na njia nzima alimwambia Mawira shimo liko wapi kabla halijafika, kwa kuhesabu tu mitikisiko tangu Isiolo.

Ningependa kuishia hapo, harusi na pilau. Lakini Jumatatu Abdihakim alirudi kazini mtu mwingine. Aliitoa foleni nje ya geti, akamweka Lomorukai na rungu lake, dereva akawa anasimama barazani peke yake na Mungu wake. Walikuja madereva kumi na wawili. Saba walianguka. Mmoja alisema alama zote zinatazama Makka. Abdihakim aliandika ukweli fomu saba, mimi nikagonga muhuri kwa furaha, tukapeana mkono jioni kama watu waliookoa taifa.

Jumanne foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, ila ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kuna kliniki nyingine pale. Wao hawana shida ya chumba. Chati wameitundika nje kabisa, kwenye nguzo ya baraza, ili kila mtu aione vizuri na asaidie.

Kwetu siku hizi anakaa Mzee Abdillahi. Anangoja tarehe yake ya kutolewa mtoto wa jicho, na nyumbani, anasema, wanamwongelesha kama mgonjwa. Kwa hiyo asubuhi anakuja na fimbo, analisalimia koti kwa makusudi, kisha anakaa kwenye benchi letu tupu. Ng'ambo wanaanza. Chini, wanasema kwa pamoja. Kushoto. Juu. Sauti inatufikia wazi, na wakati mwingine watoto wa mtaani nao wanaitikia.

Mzee anasikiliza mpaka mstari wa mwisho. Kisha anageukia dirisha langu, na sasa analipata barabara.

"Zeinab, huyo anabeba watu wa wapi leo?"

"Wa Sericho," namwambia.

Anaweka fimbo chini, anafungua viganja vyake, na anawaombea dua abiria.